Tulichukua nyumba "hivyo hivyo"

"Mwalimu, ukishuka hadi 6.2 tutaichukua hivyo hivyo. Mambo madogo madogo tutajifanyia wenyewe."

Huo ni ujumbe wangu mwenyewe. Niliutuma kwa WhatsApp usiku mmoja wa Januari 2024 nikiwa zamu ya usiku hospitalini, chai ikinipolea mezani. Nilijiona hodari. Mwenye nyumba alikuwa anataka milioni 6.4, na kwa sentensi mbili nilikuwa nimejiokolea shilingi 200,000. Miezi mitano baadaye sentensi hizo zilisomwa kwa sauti mbele yangu, mbele ya mume wangu na mbele ya mwenyekiti wa mtaa, nami sikuwa na pa kuuweka uso.

Nyumba yenyewe iko Kiamunyi, kando ya barabara ya kutoka Nakuru kwenda Kabarak. Vyumba vitatu, ploti ya futi hamsini kwa mia, tangi la maji, waridi mbele ya baraza na mti wa parachichi nyuma. Muuzaji alikuwa mwalimu mstaafu aliyetaka kuhamia shambani kwake na mkewe. Watu wazuri. Nalisema hili mapema kwa sababu nikisimulia mkasa huu wengi hungoja kusikia nilivyotapeliwa, na sikutapeliwa. Ingekuwa utapeli ningejua la kufanya.

Tulikwenda kuiona mara tatu, zote mchana, zote jua likiwaka. Mara ya pili nilimleta fundi, jamaa aliyewahi kututengenezea jiko kwenye nyumba ya kupanga. Alizunguka, akagonga kuta, akafungua mifereji miwili, akasema nyumba ni ngumu. Hakupanda juu. Hatukuwa na ngazi, na hakuna aliyetaka kumsumbua Mwalimu aazime ya jirani. Silingi ya sebuleni ilikuwa imepakwa rangi karibuni na nikaisifu jinsi ilivyo nyeupe. Mkewe Mwalimu akacheka kidogo, akanimiminia chai. Kicheko hicho nimekifikiria sana.

Ni hapo barazani, kwenye chai hiyo, Mwalimu aliposema kuwa kuna mahali paa linahitaji kuguswa. "Kabla hamjahamia nitawatengenezea, Mama. Msiwe na wasiwasi." Mume wangu alisikia. Mimi nilisikia. Mwalimu mwenyewe hakukana hata siku moja kwamba aliyasema. Ugomvi wetu ulikuwa mwingine kabisa: ahadi hiyo ilitangulia punguzo la bei au ilikuja baada yake? Yeye alikumbuka kwamba aliahidi kutengeneza, kisha mimi nikaomba apunguze 200,000 na tutajitengenezea, naye akakubali, na ahadi ikaishia hapo. Mimi nilikumbuka punguzo lilikuwa la rangi, vitasa vya milango na kabati za jikoni zilizochoka. Paa lilikuwa jambo la kando, la ahadi yake. Ukiniuliza leo nani alikumbuka sawasawa, nitakwambia simu yangu ilikuwa upande wake.

Basi kama umo kwenye kupatana bei ya nyumba sasa hivi, simama kidogo. Muuzaji akishusha bei, andikeni punguzo ni la nini. Mstari mmoja unatosha: "Bei imepunguzwa kwa ajili ya kabati za jikoni na rangi, paa litatengenezwa na muuzaji kabla ya malipo ya mwisho." Neno "hivyo hivyo" tunalitumia sokoni tukinunua viazi vyenye udongo, na mimi nililitumia kwa kitu cha milioni sita.

Kosa la pili lilikuwa la ubahili. Tulitumia wakili mmoja, wakili wa Mwalimu. Kwa kawaida wa muuzaji ndiye anayeandika mkataba na wa mnunuzi anaupitia. Sisi tuliona hiyo ya kupitia ni kazi tunayoiweza, tunajua kusoma. Tulisoma kweli. Mkataba ulisema tunalipa asilimia 10 siku ya kutia saini na salio ndani ya siku 90, na hayo tukayaelewa. Ulisema pia kwamba mnunuzi ameikagua nyumba na anaichukua katika hali iliyopo, na kwamba maandishi hayo ndiyo makubaliano yote baina yetu. Tukaviona vipengele hivyo ni maneno ya kisheria ya kujaza ukurasa. Tukatia saini mbele ya shahidi, tukalipa 620,000, tukaenda kula samaki mjini.

Wakili wetu wenyewe, yule tuliyemtafuta mambo yalipoharibika, alinieleza kwa dakika kumi nilichopaswa kukijua mwanzoni. Kisheria, makubaliano ya kuuza ardhi au nyumba Kenya yanataka maandishi, saini na shahidi. Mkataba ukisema ndio makubaliano yote, ya barazani yanabaki barazani. Muuzaji halazimiki kukupeleka kwenye kila ufa wa nyumba yake. Mnunuzi ndiye anayetakiwa kufungua macho. Akikudanganya waziwazi ulipomuuliza, au akificha kasoro kwa makusudi, hapo una pa kushika, lakini mzigo wa kuthibitisha ni wako. "Uliuliza kuhusu silingi?" akaniuliza. Sikuuliza. Niliisifu.

Malipo yalikwenda vizuri, hati zikapita, ushuru wa stempu wa asilimia 4 tukalipa (tayarisha hiyo pesa kando, watu wengi huisahau kisha wanaanza kukimbilia chama). Sehemu kubwa ya fedha ilikuwa mkopo wa sako (chama cha akiba na mikopo) wa mume wangu, na makato yalianza mwezi huo huo. Tulihamia Jumamosi, tarehe 20 Aprili 2024.

Anayeishi Kenya anajua Aprili ile ilikuwaje. Mvua haikunyesha, ilimwagwa. Jumatano usiku binti yetu alikuja kutuamsha akisema kuna mtu anakojoa sebuleni. Maji yalikuwa yanashuka kwenye kona ya silingi, mahali palepale penye rangi nyeupe ya kusifiwa, mkondo mwembamba kama wa birika. Asubuhi kipande cha silingi kikaanguka juu ya kochi.

Wiki hiyo sikulalamika kwa sauti. Jumatatu iliyofuata, alfajiri ya tarehe 29, maji yalishuka Mai Mahiu yakachukua nyumba na makumi ya watu wakiwa usingizini. Hospitalini tulikuwa hatuzungumzi jingine. Unamwambiaje mtu kwamba wewe una taabu ya silingi?

Lakini maji hayakukoma, na hapo nikafanya kosa linaloniuma kuliko lile la ujumbe. Niliita fundi mwingine, huyu mwenye ngazi. Alipanda, akashuka na kipande cha bati kilichooza mkononi. Nyumba yetu paa lake lina pande mbili zinazokutana kwenye pembe, na pale zinapokutana hulazwa bati la bonde la kupitisha maji. Bati hilo lilikuwa limeliwa na kutu, likapakwa lami, lami ikapasuka, ikapakwa tena. "Hii kazi imefanywa zaidi ya mara moja, Mama," akasema. "Huyu mtu alijua." Nilipandwa na hasira nikamwambia atoe yote siku hiyo hiyo. Bonde jipya, mbao mbili zilizooza, silingi, rangi: shilingi 94,500 pamoja na fundi. Mabati ya zamani tulimpa mtu wa chuma chakavu aliyekuwa akipita.

Hujaliona kosa? Mwalimu hakuitwa kuja kuona. Nilipompigia, kazi ilikuwa imekwisha na ushahidi umeuzwa kwa kilo. Nilikuwa na picha nne, tatu kati ya hizo za kochi. Angekuwa na haki ya kuniuliza, na aliniuliza: nani alisema bati lilikuwa vile? Ukikuta kasoro baada ya kuhamia, zuia tu isiharibu zaidi, tandika turubai, weka beseni. Halafu mwite muuzaji kwa maandishi, mpe siku saba aje na fundi wake. Piga picha ya kila kitu kabla mkono haujagusa, na risiti zitunze hata ya misumari. Ukimtengenezea kwanza na kumdai baadaye, umemnyima nafasi ya kutengeneza kwa bei yake, na hilo linamkera mtu mzima kuliko deni lenyewe.

Simu hiyo ya kwanza ilikuwa mbaya. Nilianza na salamu lakini hazikufika mbali. Nikamwambia alituuzia nyumba inayovuja huku akijua. Akanyamaza, kisha akasema kwa utulivu, "Mama, mimi niliuza nyumba, sikuuza dhamana." Nikakata simu. Mume wangu, aliyekuwa anasikiliza, alisema ningemwachia yeye kuongea. Tukagombana sisi wawili sasa, kwa sababu yeye ndiye aliyesema wakili wa pili ni gharama ya bure. Wiki nzima nyumba mpya ilikuwa kimya. Gharama hii haiandikwi popote, na ndiyo iliyotumaliza.

Kisha Jumapili ya kwanza ya Mei, nikitoka kuanua nguo, ardhi ilizama. Sikusema tetemeko, ilizama. Karibu na kamba ya nguo pakawa na shimo la upana wa mita moja na harufu iliyonijulisha mara moja ni shimo gani. Binti yangu alikuwa akicheza hapo saa moja kabla. Niliketi chini kwenye matope nikalia.

Upande wetu hakuna laini ya maji taka ya mji. Kila nyumba ina tangi lake la choo, na maji yanayotoka humo yanaingia kwenye shimo la pili ili ardhi iyanywe. Fundi wa mashimo tuliyemleta, mzee mmoja aliyechimba nusu ya mtaa, alichukua udongo kiganjani akaupuliza ukaruka. "Huu si udongo, ni majivu," akasema, akaelekeza kidole kwenye volkeno ya Menengai. "Ukiupa maji, unaondoka nayo." Ndiyo maana pande nyingi za Nakuru mvua kubwa ikinyesha hufungua nyufa ardhini ambazo jana hazikuwepo. Shimo letu halikuwa limejengewa ukuta wa mawe chini. Lilikuwa limefunikwa kwa zege juu tu, na pembeni udongo ukaliwa na maji polepole mpaka kifuniko kikakosa pa kukalia. Mzee akaongezea, kama anayezungumza habari za juzi, kwamba babake alikuwa akiwasimulia tetemeko la Subukia la 1928, lililopasua ardhi. Sikuwa na moyo wa somo la historia saa hiyo, lakini bei yake ilikuwa ya haki: 168,000 kwa shimo jipya lililojengewa mawe hadi chini na la zamani kufukiwa.

Safari hii sikuligusa shimo. Nilizungushia mabati na kamba, nikapiga picha na video, nikaomba makadirio kwa fundi mwingine pia (yeye alitaka 190,000), nikamwandikia Mwalimu barua fupi isiyo na matusi. Alikuja siku ya tatu. Alisimama ukingoni mwa shimo muda mrefu, kofia mkononi. Akasema hakujua. Alichimbiwa shimo hilo mwaka alipojenga na hakuwahi kulifungua. Nilimwamini, na bado namwamini. Kwa wakili wangu hiyo ilikuwa habari mbaya: kasoro ambayo muuzaji mwenyewe haijui hakuificha.

Kwa hiyo tulikuwa na paa alilolijua lakini ushahidi nimeuuza, na shimo lenye ushahidi wote lakini hakulijua.

Wakili alitupa njia. Tungeweza kumshtaki, muda wa kudai kwa mkataba ni miaka 6, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kukimbizana. Mahakama ya Madai Madogo inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na taratibu zake ni nyepesi, ila alitabiri wenzetu wangeanza kwa kubishana kama dai hili ni la ardhi au la. Na kabla ya jaji kufika kwenye bati letu, angeusoma ujumbe wangu. Alituandikia barua ya madai ya shilingi 262,500, akatutoza 10,000, na akatushauri tutafute mtu wa kutukalisha pamoja. Katiba yenyewe, Kifungu cha 159, inazitaka mahakama zihimize upatanisho, akasema, basi anzeni huko bila kuambiwa.

Tulikalishwa na mwenyekiti wa jumuiya ya wakazi, mzee ambaye maisha yake yote alikuwa mpima ardhi na hana haraka. Alikataa tuonane kwake wala kwa wakili. Akataka barazani, penye chai ile. Mwalimu alikuja na mkewe na simu yake, na ndipo ujumbe wangu uliposomwa. Mwenyekiti aliusoma mara mbili. Halafu akamgeukia Mwalimu: "Shimo la choo ni jambo dogo dogo?" Mwalimu akasema hapana. Akanigeukia mimi: "Na bati la paa, ulipoambiwa linahitaji kuguswa, ulidhani litaguswa kwa pesa gani baada ya kupunguziwa laki mbili?" Nikakosa jibu.

Kwa saa mbili tuligawa nyumba vipande vipande. Paa likawa letu lote. Nilijaribu kulitetea, mume wangu akanigusa goti. Shimo tukagawana, yeye akachukua zaidi kwa sababu ndiye aliyelichimba bila mawe: 110,000 kwake, 58,000 kwetu. Hesabu ukiifanya, kati ya 262,500 tulizodai tulipata chini ya nusu, na tukitoa pesa ya wakili tulibaki na laki moja kamili. Kuna siku naona ni hasara. Siku nyingi naona ni zaidi ya stahili yangu kwa mtu aliyeandika "hivyo hivyo".

Kaka yangu aliye Kisumu alinicheka nilipomsimulia, kisha akanieleza alivyofanya yeye. Alinunua nyumba mpya kwa mjenzi upande wa nyanda za Kano, kwenye udongo mweusi unaovimba mvua ikija na kupasuka jua likiwaka. Wakili wake alikataa salio lote litolewe. Shilingi 150,000 zikabaki mikononi mwa mawakili kwa miezi sita, kwa maandishi kwamba nyufa zikitokea mjenzi atarudi kuziba au pesa zitatumika kuziziba. Nyufa zilitokea. Mjenzi alirudi mara mbili, ya pili bila kuitwa. Nilimuuliza kama mjenzi yule ni mtu mwema sana. Akasema hajui, hawajawahi kunywa chai pamoja.

Hiyo pesa ya kushikiliwa ndiyo ningeiomba leo, hata kwa mzee mstaafu mwenye mke mcheshi. Ningemwomba atuandikie lini tangi la choo lilinyonywa maji taka mara ya mwisho, shimo lina kina gani na limejengewa nini. Ningekuja na ngazi yangu juu ya bodaboda, nichungulie juu ya silingi kwa tochi ya simu; alama za maji kwenye mbao hazipakwi rangi. Ningefungua mifereji yote kwa pamoja na kuvuta vyoo vyote mara tatu, nione maji yanakwenda wapi. Ningeangalia mita ya umeme na bili ya maji kama vina deni la mtu. Na ningeisubiri mvua moja. Nakuru mvua haikawii kiasi hicho, na muuzaji asiyeweza kukungoja mpaka inyeshe, muulize sababu.

Mwenyekiti aliandika mapatano kwa mkono, kurasa mbili, akitusomea kila mstari. Malipo matatu kwa M-Pesa, tarehe zake, nani atasimamia fundi, na kwamba hakuna atakayemdai mwenzake tena kuhusu paa wala shimo. Akauliza kama kuna jambo limebaki. Mke wa Mwalimu, ambaye tangu tuketi hakuwa amesema neno, akasema anataka waridi zake. Alizipanda yeye, na katika kuuza nyumba hakuna aliyemuuliza. Mumewe akaona aibu, akamwambia aachane na maua. Mwenyekiti akaandika kipengele cha saba: waridi sita, zichimbwe kabla ya mwisho wa Juni.

Alikuja Jumamosi moja asubuhi na jembe dogo na magunia yaliyoloweshwa. Nilimsaidia kuchimba. Alitoa tano, akapapasa mizizi ya ile ya sita iliyo karibu na ngazi, akasema hiyo imekwishazoea, ataiacha. Nikaingia ndani kuleta karatasi, tukafuta "sita", tukaandika "tano", tukatia saini sote wawili.